Daftari la Mama Mboga

Nairobi hununua mboga jioni. Mtu anashuka kwenye matatu Umoja au Kawangware, anapita kibandani kwa mama mboga, anakatiwa sukuma wiki akisubiri, anadai nyongeza ya dania, kisha anaenda kupika. Kafyu ya korona iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilifuta saa hizohizo. Safari ya alfajiri kwenda soko la Marikiti nayo ikabidi ingoje.

Biashara ikahamia mchana. Sukuma zikakatwa mapema, oda zikaja kwa WhatsApp, na mwenye boda boda akazipeleka hadi getini. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka huo, M-Pesa haikutoza ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Kwa anayeuza fungu la shilingi ishirini, naona hilo lilisaidia kuliko hotuba zote kuhusu wafanyabiashara wadogo.

Ushindani nao ulikuja. Waliopoteza kazi walipanga mayai, viazi na vitunguu kwenye buti za magari kandokando ya barabara kuu. Uagizaji wa mitumba ulipigwa marufuku Machi hadi Agosti, na kuna wauza nguo waliogeukia matunda. Wenye buti waliweza kupunguza bei. Deni lilikuwa jambo jingine, kwa sababu humkopeshi mtu usiyejua anaishi ploti gani.

Mama mboga anajua. Anajua mama nani amehama, baba nani amesimamishwa kazi, na mtoto yupi hutumwa wakati mzazi anaona haya kuja mwenyewe. Deni lake lina adabu zake. Ukiwa nalo, hupiti mbele ya kibanda chake umebeba nyanya za kwingine. Ukikosa pesa yote, unapunguza hata kwa hamsini, na kabla ya kupunguza unamsalimu na kumuuliza habari za watoto. Mwaka ule daftari lake la madeni lilijaa, na baadhi ya wadeni walirudi mashambani bila kuaga. Kuna vibanda vilivyofungwa kwa sababu hiyo. Wanaosifu ukarimu wa mtaa husahau kutaja nani aliulipia.

Kilichomrudisha mama mboga sokoni mara nyingi kilikuwa chama cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wakati wa kafyu michango ilitumwa kwa simu na zamu ikaendelea kuzunguka, lakini wengi walitamani kukaa pamoja, maana ujumbe wa simu hauonyeshi aliyekonda. Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, mikutano ilirudi, ila pesa nyingi zilibaki kwenye simu. Mchango unatumwa mapema, halafu Jumapili wanakaa kwa mwenye zamu mikono mitupu, wanakunywa chai na mandazi, na aliyechelewa kutuma anajieleza mbele ya wenzake.