Ufanisi wa Taa: Asilimia ya Nini?

Matini ya uhandisi inapoletwa katika darasa la tafsiri, neno "ufanisi" huonekana jepesi kuliko yote. Katika makala haya tunalieleza kwa kutazama programu za kompyuta zinazoiga safari ya mwanga, kama vile LightTools na Zemax, ambazo wahandisi huzitumia kusanifu taa na lenzi kabla ya kuzitengeneza.

Programu hizo hufanya kazi hivi. Chanzo cha mwanga hutoa miale mingi, pengine milioni moja, kila mwale ukiwa na sehemu yake ya nguvu na mwelekeo wa kubahatisha. Kompyuta huufuata mmoja mmoja: huu umepinda ndani ya lenzi, ule umeakisiwa, mwingine umefyonzwa. Inayofika kwenye kipokezi hujumlishwa, na jumla hiyo hugawanywa kwa mwanga uliotoka kwenye chanzo. Huo ndio ufanisi.

Hapo ndipo utata unapoanza. Tuchukue taa ya mezani ya LED inayotumia wati 10. Chanzo chake kinatoa lumeni 1000, zinazotoka nje ya kifuniko ni 800, na zinazofika mezani ni 500. Ufanisi wa taa hii ni upi? Aliyepima kutoka chanzo hadi nje ya kifuniko atasema asilimia 80. Aliyepima hadi mezani atasema 50. Wote wawili wamesema kweli, lakini mnunuzi anayetaka kusomea hapo mezani anahitaji jibu la pili. Kwa hiyo mfasiri asiridhike na "ufanisi wa taa". Hicho kihusishi "wa" kinaficha mengi. Aandike umepimwa kutoka wapi hadi wapi.

Kuna pia kipimo cha lumeni kwa wati, ambacho si asilimia. Wati hupima nguvu, ilhali lumeni huzingatia jinsi jicho la binadamu linavyoona. Hata mwanga wa kijani wa nanomita 555, unaoonekana vyema kuliko wote, hauzidi lumeni 683 kwa kila wati ya mwanga. Sisi tunapendelea kukiita "lumeni kwa wati" tu, kama dereva anavyosema kilomita kwa lita.

Jibu la kompyuta nalo lina masharti yake. Miale ikifika 100 tu kwenye kipokezi, jibu huyumba kwa takribani asilimia 10. Ikifika 10,000, ni asilimia 1. Vilevile kila uso wa kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia uakisi hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga. Lenzi tatu zina nyuso sita, hivyo hubaki kama asilimia 78. Asiyeiagiza programu ihesabu uakisi huo atapata tarakimu nzuri isiyo ya kweli.

(Wanafunzi wachunge upatanisho pia: mwanga unapimwa. Mwanga anayepimwa ni mchawi!)

Kwa zoezi la darasani, walimu wawape wanafunzi sentensi hii waisahihishe: "Ufanisi wa taa ile ya mezani ni 80." Wagawanye 800 kwa 1000, kisha wagawanye 800 kwa 10, ndipo waamue ni neno gani limekosekana.