UKOO ULIOTAWANYIKA NA KALAMU YA KARANI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita mwalimu wetu alituamuru tutoe karatasi, kila mmoja aandike majina ya wazee wake kurudi nyuma hadi kizazi cha sita. Ndugu msomaji, darasa lilikuwa kimya kama maji ya mtungini! Mimi niliandika jina la baba, la babu, la baba yake babu, kisha kalamu ikagoma. Kwa upande wa nyanya ndio kabisa, nilibaki kutazama dari tu.

Mwalimu alicheka. Akatuambia kuna watu waliofukuzwa makwao, nyumba zao zikachomwa, wakatupwa katika nchi mbalimbali kama mbegu zilizopeperushwa na upepo. Hata hivyo, wajukuu wao leo wanaweza kutaja vizazi kumi bila kusita. "Kawatafuteni Waakadia," akasema, "mniambie walifanyaje." Basi nilikwenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

WAAKADIA NI AKINA NANI?

Waakadia ni watu wa asili ya Kifaransa. Wafaransa walijenga kituo cha Port-Royal mwaka 1605 kwenye pwani ya mashariki ya nchi ambayo leo ni Kanada. Eneo hilo wakaliita Acadia, na sehemu yake kubwa leo inaitwa Nova Scotia.

Walikuwa wakulima hodari wa aina yake. Badala ya kufyeka msitu, walilima ardhi ya kinamasi iliyofunikwa na bahari kila maji yalipojaa. Walijenga matuta marefu ya udongo kuzuia maji ya chumvi. Chini ya tuta waliweka mfereji wa mbao wenye kilango. Mvua ikinyesha, kilango kilifunguka na maji yakatoka. Bahari ikijaa, kilango kilijifunga chenyewe. Baada ya miaka michache mvua ilikuwa imeisafisha chumvi yote, na ardhi ikawa na rutuba ajabu.

Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja. Ilihitaji ndugu, mashemeji, wakwe na majirani. Ndiyo maana Waakadia walikaa kiukoo, wakaoana wao kwa wao, na kila mtu akajua fulani ni nani wake. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa maana ndilo lililokuja kuwaokoa.

MWAKA WA MSIBA

Mwaka 1713 Ufaransa iliikabidhi Uingereza nchi hiyo. Waakadia wakajikuta raia wa mfalme wasiyemjua. Mwaka 1730 walikubali kuapa utiifu, ila kwa ahadi kwamba hawatalazimishwa kupigana na Wafaransa wenzao. Lakini mwaka 1755, vita vikinukia, naibu gavana Charles Lawrence alidai kiapo kisicho na sharti lolote. Walipokataa, baraza la Halifax liliamua tarehe 28 Julai 1755 kwamba wote wafukuzwe.

Kule Grand-Pré, tarehe 5 Septemba, wanaume na wavulana kuanzia miaka kumi waliitwa kanisani eti kusikiliza tangazo. Walikuwa 418. Walipoingia, milango ikafungwa. Afisa mmoja, John Winslow, akawasomea amri: mashamba, nyumba na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme, na wao wataondolewa nchini. Hebu fikiria, kijana wa Kidato cha Kwanza, kwamba wewe pia ungekuwa mle ndani!

Mwaka huo pekee zaidi ya watu 6,000 walipakiwa melini, na zoezi likaendelea hadi vita vilipokwisha mwaka 1763. Walitawanywa katika makoloni ya Kiingereza kuanzia Massachusetts hadi Georgia. Wengine wakapelekwa Uingereza, wengine Ufaransa. Njaa, ndui na kuzama baharini viliwamaliza maelfu. Katika msukosuko wa kupanda meli, si ajabu mama alikwenda huku na mwanawe kule. Tangu hapo swali la kila Mwakadia likawa moja: wangu wako wapi?

WAKAPATA KWAO CHINI YA MHISPANIA

Mwaka 1762 Ufaransa ilikuwa imeipa Uhispania koloni la Louisiana, kusini kabisa, mahali mto Mississippi unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Mexico. Mapatano hayo yalifanywa kwa siri, na wenyeji wengi hawakuwa na habari. Kundi dogo la Waakadia lilifika mwaka 1764. Mwaka uliofuata wakaja wengine wapatao 200, wakiongozwa na Joseph Broussard, ambaye watu walimwita kwa jina la utani Beausoleil. Walikaa kando ya Bayou Teche, kijito cha maji yaendayo polepole, wakaanza ufugaji wa ng'ombe. Mwaka huohuo maradhi yaliwavamia, na Broussard mwenyewe akafariki.

Gavana wa kwanza wa Kihispania, Antonio de Ulloa, alifika mwaka 1766. Aliwaona Waakadia kama zawadi kutoka mbinguni. Ng'ambo ya Mississippi palikuwa na Waingereza, na Uhispania haikuwa na askari wa kutosha. Basi ni nani bora wa kuwekwa mpakani kuliko wakulima Wakatoliki wenye kinyongo na Waingereza? Akawapa ardhi, chakula cha kuanzia na vifaa, lakini yeye ndiye aliyechagua mahali pa kukaa.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mwaka 1768 kundi lililotoka Maryland liliamriwa likakae San Luis de Natchez, mbali kaskazini. Wao walitaka kukaa karibu na jamaa zao waliotangulia. Ndugu wawili, Alexis na Honoré Breau, walikataa katakata, na Ulloa akatishia kuwafukuza kolonini. Ungedhani watu waliotangatanga zaidi ya miaka kumi wangepokea shamba lolote na kushukuru. La! Shamba bila ndugu halikuwa kwao. Oktoba mwaka huohuo, wakazi wa New Orleans walipoasi, Waakadia wengi waliungana nao, na Ulloa akaondoka.

Mwaka 1769 alikuja Alejandro O'Reilly na askari wapatao 2,000. Aliwaua viongozi watano wa maasi, lakini pia alikuwa na busara: aliwaruhusu wale wa San Luis de Natchez wahamie karibu na wenzao. Kanuni zake za ardhi za mwaka 1770 zilitaka kila familia mpya ipewe kipande kinachotazama mto, na ndani ya miaka mitatu iwe imejenga tuta la kuzuia mafuriko. Kujenga tuta! Kwa Mwakadia huko kulikuwa kumfundisha samaki kuogelea.

Kundi kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1785. Waakadia waliokuwa wamekwama Ufaransa karibu miaka 30, fundi viatu mmoja aitwaye Olivier Terrio akiwa miongoni mwa waliowashawishi, walikubali kuhamia Louisiana. Mfalme Carlos III wa Uhispania alilipa gharama. Meli saba ziliwasafirisha watu takribani 1,600, na wengi wao wakakaa kando ya Bayou Lafourche. Wapo waliokutana na ndugu ambao hawakuwa wamewaona tangu mwaka ule wa 1755. Nikisoma hapo, mwenzenu nilifunga kitabu kidogo, nikatazama nje.

Uhispania iliirudisha Louisiana kwa Ufaransa kwa mapatano ya mwaka 1800, na mwaka 1803 Ufaransa ikaiuzia Marekani kwa dola milioni 15. Jina Acadien likafupishwa mdomoni likawa Cadien, kisha Cajun, na hivyo ndivyo wajukuu hao wanavyoitwa hadi leo.

MALI BILA DAFTARI

Sasa turudi kwa swali la mwalimu: walifanyaje? Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata ukoo ni mali!

Kwanza, walibeba daftari lao. Vitabu vya kanisa la Grand-Pré, vyenye ubatizo, ndoa na mazishi ya kuanzia mwaka 1707 hadi 1748, havikuungua pamoja na nyumba. Watu walikwenda navyo uhamishoni Maryland, kisha Louisiana hadi parokia ya St. Gabriel. Leo vinahifadhiwa na Jimbo Katoliki la Baton Rouge. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu akaamua kubeba kitabu cha majina!

Pili, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, waliandikwa na wengine. Karani wa Kihispania alitaka kujua ni wanaume wangapi wanaoweza kushika bunduki, ni midomo mingapi ya kulishwa, ni ng'ombe wangapi wako zizini. Kwa hiyo alihesabu mwaka 1766, akahesabu tena 1769, akahesabu tena 1777: jina la mume, mke, watoto, umri, mifugo. Meli za 1785 nazo zilikuwa na orodha za abiria. Nyaraka nyingi za utawala huo zimehifadhiwa mjini Sevilla, Uhispania. Karani hakuwa na haja na kumbukumbu ya mtu yeyote. Alimtumikia mfalme wake. Lakini kalamu yake ndiyo iliyowahifadhi.

Basi mtu wa Louisiana akitaka kujua asili yake leo hufuata ngazi hii:

1. Huanza na walio hai, akiuliza majina, mahali na miaka.

2. Hutafuta ndoa ya kila wazee wake wawili katika vitabu vya kanisa. Ndoa ndiyo ufunguo, kwa sababu hutaja wazazi wa bwana na wa bibi arusi, na hapo anapanda kizazi kimoja.

3. Akifika karne ya 18 hulinganisha na sensa za Wahispania na orodha za meli.

4. Kwa waliopitia Ufaransa, kuna maelezo ya kisiwa cha Belle-Île-en-Mer. Familia 78 zilipewa makao huko mwaka 1765, na mwaka 1767 wazee wao waliapa na kusimulia nasaba zao kwa vinywa vyao, zikaandikwa.

5. Mwisho hufika vitabu vya Grand-Pré na sensa ya Acadia ya mwaka 1671, yenye watu takribani 400 tu.

Mitego nayo haikosi. Padri wa Kihispania aliandika alivyozoea: Pierre akawa Pedro, Jean akawa Juan. Jina moja la ukoo huandikwa Boudreau Kanada na Boudreaux Louisiana. Majina ya utani kama Beausoleil huweza kukupoteza njia. Tena kwa kuwa walioana wao kwa wao, hata vipimo vya kisasa vya chembe za urithi humwonyesha mtu ana undugu na karibu kila mtu! Lakini kuna faida moja: vitabu hivyo humwandika mwanamke kwa jina la baba yake hata akiwa ameolewa. Kwa hiyo upande wa nyanya haupotei kama ulivyopotea kwenye karatasi yangu.

WASIOANDIKWA

Hata hivyo tusipake mambo rangi. Baadhi ya Waakadia haohao, walionyang'anywa kwao, walipopata nguvu walinunua Waafrika watumwa. Katika sensa watumwa walihesabiwa kwa idadi karibu na ng'ombe, mara nyingi bila jina. Majina yao, na pengine taifa lao la Afrika, yanapatikana zaidi katika hati za mauzo na za urithi. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall alizikusanya hati hizo kwa miaka mingi, na mwaka 2000 akatoa orodha ya zaidi ya watu 100,000. Ni uchungu kumpata bibi yako katika karatasi ya bei. Lakini kwa wajukuu wengi, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyopo.

NENO LA MWISHO

Tarehe 9 Desemba 2003 tangazo lilitiwa saini Kanada kwa jina la Malkia Elizabeth wa Pili, likikiri kwamba Waakadia walifukuzwa na wakateseka, na kila 28 Julai hukumbukwa. Ilichukua karibu miaka 250. Wangekuwa wamesahau wao ni nani, nani angedai?

Likizo iliyopita nilikwenda kwa nyanya na daftari la kurasa 96. "Unataka kuwaandika wafu kwa nini?" akaniuliza, akiendelea kuchambua maharagwe. Nilimweleza habari za Waakadia. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja: mama yake, mama wa mama yake, walikotoka, mwaka wa njaa gani walihama. Giza liliingia tukiwa bado hapo. Nimefika kizazi cha tano, na upande wa nyanya sasa umeupita wa babu!

Nawe msomaji, likizo ijayo usingoje karani wa mtu mwingine aje akuandikie. Nunua daftari, keti karibu na mzee, na uulize.