Kuchapisha msimbo wa programu kwenye karatasi si kazi ya mzaha

MWANDISHI wa habari akisahau mkato, msomaji humwelewa vivyo hivyo. Tarakilishi haina uungwana huo. Nuktamkato moja ikidondoka, au herufi O ikichukuliwa kuwa sifuri, programu nzima huweza kukwama. Ndiyo sababu msimbo, yaani maagizo ambayo mtaalamu huiandikia tarakilishi, huhitaji zana maalumu unapotiwa kitabuni.

Programu za kawaida za uandishi hazifai kazi hii kwa kuwa zimeundwa kuremba maandishi. Hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka zikawa za kupinda, huweka herufi kubwa bila kuulizwa na hukunja mstari popote nafasi inapokwisha. Katika lugha kama vile Python, hata nafasi tupu iliyo mwanzoni mwa mstari ina maana yake. Ikipotea, programu huharibika.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika kisa cha PGP, programu ambayo Mmarekani Philip Zimmermann aliitoa mwaka wa 1991. Kazi yake ni kufumba barua pepe ili isisomwe na yeyote ila aliyeandikiwa. Wakati huo, sheria za Marekani ziliweka programu thabiti za aina hiyo katika orodha moja na silaha, na kuzipeleka ng'ambo bila kibali ilikuwa hatia. Zimmermann alichunguzwa kuanzia 1993 hadi Januari 1996, uchunguzi ulipofungwa bila yeye kushtakiwa.

Hata hivyo, vitabu havikuzuiwa. Mnamo 1995, MIT Press ilichapisha kitabu chenye msimbo wa PGP. Mwaka wa 1997, msimbo wa toleo la tano ulichapishwa katika vitabu vyenye zaidi ya kurasa 6,000, vikavuka mipaka kihalali. Barani Ulaya, zaidi ya watu 70 walitumia zaidi ya saa 1,000 kupitisha kurasa hizo kwenye skana na kurekebisha makosa, hadi programu ikafanya kazi tena.

Zimmermann na wenzake walitoa pia zana za kupanga kurasa za aina hii. Katika mtindo wao, kila mstari hutanguliwa na nambari ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na herufi zilizomo. Skana ikikosea herufi moja, hesabu hukataa kulingana na mhusika akajua ni mstari upi wa kurekebisha. Nafasi tupu ambazo jicho lingezipuuza nazo hupewa alama za kuonekana.

Marekani ililegeza kanuni hizo mnamo 2000, lakini haja ya kuchapisha msimbo bila dosari ingalipo. Siku hizi, waandishi wengi wa vitabu vya tarakilishi hutumia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa uliojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth, pamoja na vifurushi vya listings au minted. Vifurushi hivi huweza kusoma msimbo moja kwa moja kutoka kwa faili ya programu yenyewe, hivi kwamba kilichojaribiwa ndicho kinachochapishwa. Aidha, huweka nambari za mistari, hukoleza maneno muhimu ya lugha inayotumika na huweza kutia alama panapokunjwa mstari mrefu, ili msomaji asidhani ni mistari miwili.

Aina ya hati nayo ina umuhimu wake. Inafaa kila herufi ichukue upana sawa, na tarakimu 1 isifanane na l ndogo wala I kubwa.

Mwalimu au mwanafunzi anayetayarisha kitabu au tasnifu yenye msimbo hana budi kujihadhari. Kabla ya kuipeleka kwa mpigachapa, atoe ukurasa mmoja, amkabidhi mwenzake auingize katika tarakilishi jinsi ulivyo, kisha waone iwapo programu itafanya kazi.