Laptopu Imekufa? Usiizike Bado!

Kuna ugonjwa umeingia mjini, msomaji wangu. Pita kwa washikaji zako watatu, chungulia uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, utakuta laptopu imelala chali, vumbi juu, chaja imezungushiwa shingoni kama tai. Uliza, "Vipi hii?" Jibu ni lile lile: "Aah, hiyo imekufa zamani." Uliza ilikufa kwa ugonjwa gani, hapo mtu anaanza kuongelea mpira.

Leo nataka tuelewane jambo moja. Laptopu nyingi zinazoitwa marehemu ziko hai kabisa. Ukibonyeza kitufe taa inawaka, feni inalia, skrini inatoa mwanga, halafu inakwama hapo hapo. Hapo chuma ni kizima, kilicholala ni mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayozisimamia programu nyingine zote. Kama hujaelewa, nenda stendi ya Msamvu pale Morogoro. Mabasi yapo, madereva wapo, abiria wapo na mizigo yao. Sasa ondoa watu wote wanaopanga basi lipi litoke lini na nani akae wapi. Utaona kasheshe! Mabasi ni mazima ila hakuna linalotoka. Ndiyo kompyuta isiyokuwa na mfumo endeshi.

Mtaani watu hawasemi "kuweka mfumo endeshi", wanasema "kupiga Windows". Na fundi wa kupiga Windows yuko kila kona. Tatizo ni lile neno lake la pili: "Tunafomati." Akishasema hivyo, jua kila kilichomo kinafutwa. Watu wengi wanaitikia tu, kwa kuwa hawajui kwamba njia nyingine ipo.

MKUYUNI, SIYO ILE YA MWANZA

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana stesheneri ndogo Mkuyuni. Siyo Mkuyuni ya Mwanza, jamani, nasema ile ya Morogoro Vijijini, kwenye milima ya Uluguru. Unatoka Morogoro mjini, unapita Bigwa, unapita Kiroka, unakwea na kona zake, pembeni migomba, mafenesi na machungwa. Stesheneri yenyewe ina printa moja na laptopu moja ya mtumba. Lakini usiidharau. Hapo ndipo barua za kuomba kazi zinachapwa. Hapo ndipo kijana aliyemaliza kidato cha sita anakaa kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maana siku hizi maombi ni ya mtandaoni. Laptopu ikilala, kijana inabidi apande gari mpaka mjini, nauli kwenda na kurudi, kwa fomu moja tu.

Basi laptopu ikalala. Viduara vinazunguka, vinazunguka, kisha inajizima na kuanza upya. Binti akaiteremsha mjini kwa fundi, fundi akatoa hukumu ile ile. Jioni nikapigiwa simu.

"Shikamoo anko."

"Marahaba mama, vipi biashara?"

"Anko, fundi anasema bibi anafutika."

Nikanyamaza. Nilijua anachosema. Ndani ya laptopu ile kulikuwa na video ya mama yangu mzazi, bibi yake yeye, ambaye hatunaye tena. Kwenye video bibi anatembea na fimbo yake kwenye shamba la ukoo, anaonyesha mpaka: hapa fenesi la babu fulani, hapa jiwe, pale chini mkuyu. Simu iliyorekodi iliibwa. Nakala iliyobaki ni hiyo moja tu. Na sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo likitokea la shamba anayeulizwa ni mjomba. Mjomba mwenyewe ndiyo mimi. Nikamwambia, "Ichukue laptopu yako, rudi nayo nyumbani. Jumamosi nakuja."

KWA NINI SIKUPIGA WINDOWS

Wajanja mtauliza, si ungempigia tu Windows mpya? Ngojeni niwaambie. Windows 10, ambayo wengi tumeizoea, ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, nayo inachagua sana: inadai memori isiyopungua giga 4, nafasi ya giga 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. Mtumba wa miaka ya 2012 au 2013 hapo haupiti mlangoni. Halafu zile nakala za kuchonga zinazouzwa mitaani huwezi kujua aliyezichonga ameweka nini ndani. Kwenye mashine inayojaza fomu zenye namba za vitambulisho vya watoto wa watu, huo ni mchezo mbaya.

Mimi nikachukua Linux. Hii ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akiwa na miaka 21 tu. Ni ya bure, na ni halali kuinakili na kumpa jirani. Ziko za aina nyingi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa ya kwake akaiita Ubuntu, neno ambalo Mswahili yeyote atalitambua, maana ni ndugu wa "utu". Juu ya Ubuntu ikajengwa nyingine iitwayo Linux Mint, na hiyo ndiyo niliyobeba, kwa sababu mtu aliyezoea Windows haimpotezi. Inaridhika na memori ya giga 2, ila giga 4 ndiyo raha, na nafasi ya giga 20 kwenye diski inatosha kuanzia.

Maandalizi niliyafanya mjini kwenye intaneti ya uhakika, maana faili lake ni karibu giga 3. Nililishusha kutoka tovuti ya wenyewe, siyo kwa mtu kati. Nikalipandisha kwenye flashi ya giga 8 kwa programu ndogo ya bure iitwayo Rufus. Angalia hapo: kulinakili tu faili kama wimbo haitoshi, lazima lipandishwe kwa programu ya aina hiyo. Na chochote kilichokuwamo kwenye flashi kinafutika. Nikabeba na flashi ya pili, tupu, kwa ajili ya bibi.

OKOA KWANZA, FUTA BAADAYE

Hapa ndipo pana siri ambayo mafundi wengi hawakwambii. Linux Mint inaweza kuwaka ikiwa kwenye flashi, bila kugusa diski yako hata kidogo. Unachomeka flashi laptopu ikiwa imezimwa, unaiwasha huku unagonga-gonga kitufe cha kuchagua chanzo. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Unachagua flashi, unasubiri, na mashine iliyoitwa marehemu inafunguka mbele yako, rangi zake zote.

Nilimkalisha mpwa wangu kwenye kiti, kipanya nikamwachia yeye. Mimi nilisimama nyuma, mikono mfukoni. Fungua folda za kompyuta, nikamwambia, tafuta diski ya zamani upande wa kushoto. Akaibonyeza. Ndani yake folda ya Users, ndani yake jina lake, ndani yake Videos. Faili hilo hapo.

"Usilicheze kwanza," nikasema, "linakili." Betri ya laptopu ile ilikuwa ya dakika chache, na umeme mlimani nao una mambo yake. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa video kwanza, picha pili, kazi za wateja tatu. Mstari ukawa unasogea taratibu, dukani kimya, hata yule kijana aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasahau cheti. Ulipofika mwisho tukafungua ile nakala ya kwenye flashi, siyo ile ya zamani, kuhakikisha kweli ni nzima. Sauti ya bibi ikajaa stesheneri nzima, anagomba kwamba anayerekodi hashiki simu vizuri, halafu anaendelea: "Na huu mkuyu ndiyo mwisho wetu, msivuke." Mpwa wangu alifuta machozi kwa kanga, kisha akasema, "Anko, sasa hata ukifuta, futa."

Msomaji, njia hii haiokoi kila kitu. Kama diski inagonga kwa ndani kok, kok, kok, izime mara moja umpelekee fundi wa diski. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake. Na kama laptopu haiwaki hata taa, hapo kweli ni chuma, siyo mfumo.

KUPIGA MWENYEWE

Baada ya hapo kazi ikawa kama kunywa uji. Pale mezani pa skrini kuna ikoni ya kuanza kusimika. Ukiibonyeza inakuuliza maswali machache: lugha gani, kibodi ya aina gani. Halafu linakuja swali lenye meno: unataka Linux ikae pembeni ya Windows ya zamani, au ifute diski yote? Kama Windows yako bado inapumua na nafasi ipo, waache wakae wawili, kila ukiwasha utachagua. Yetu ilikuwa imeharibika, na vitu tumeshaokoa, kwa hiyo akachagua kufuta. Kabla hajabonyeza nilimwuliza mara mbili, "Flashi ya bibi iko wapi?" Akaipapasa mfukoni. Akabonyeza.

Mengine ni saa za eneo, ukichagua Dar es Salaam umemaliza, halafu jina lako na nywila, au paswedi kama tunavyoiita kijiweni. Iandike kwenye daftari la nyumbani, maana herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na utaulizwa kila ukitaka kuongeza programu. Kwisha, inakuomba uzime na uwashe, uchomoe flashi.

Sasa kutembea humo ndani. Kona ya chini kushoto kuna menyu, humo ndimo programu zote zilimo, na ukiandika jina la kitu inakitafuta yenyewe. Hakuna diski C, usiitafute. Una folda yako ya nyumbani, ndani yake nyaraka, picha, video na vilivyoshushwa kutoka mtandaoni. Firefox ni ya intaneti. LibreOffice ni ya kuandika, na ukimhifadhia mteja barua yake chagua mtindo wa Word ili akaifungue popote. Programu za Windows zenye mkia wa exe hazikubali hivi hivi, usihangaike nazo, tafuta mbadala kwenye duka la programu humo humo. Flashi usiichomoe kama unang'oa mhogo, ipe ruhusa kwanza. Na masasisho yanakula bando, kwa hiyo yafanye siku ukiwa na intaneti ya kutosha, ila usiache kabisa.

KIINGEREZA KISIKUTISHE

Mpwa wangu aliniambia kilichokuwa kinamtisha siku zote ni maneno ya kwenye skrini, siyo mashine. Wala hayuko peke yake. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, kwa hiyo wazazi wetu wengi hawakuzigusa kabisa. Kiswahili kimejitahidi: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha yetu. Microsoft nayo baadaye ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Lakini kwenye mashine nyingi bado unakutana na Kiingereza.

Dawa aliyoitengeneza yeye ni kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani. Save ni hifadhi. Delete ni futa. Cancel ni ghairi. Close ni funga, Open ni fungua, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba silabi moja tu ndiyo inayotenganisha. Wateja wake wanasoma boksi wenyewe, wanajaza fomu wenyewe, yeye anakaa pembeni na kukusanya hela.

Video ya bibi sasa iko sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi iliyofungiwa sandukuni kwa dada yangu, na kwenye simu yangu. Kitu kilichoko sehemu moja hakijahifadhiwa, kimesahauliwa tu hapo. Kwa hiyo kabla hujampa fundi yeyote mashine yako, hata kama ni shemeji, mwulize swali moja: "Umeshaniokolea vitu vyangu?" Akibabaika, beba laptopu yako, tafuta flashi mbili, kaa mwenyewe kwenye kiti. Tukijaliwa, wiki ijayo.