UZI: Tukishamaliza kuhesabu waliokamatwa, manusura wa ukeketaji anatibiwa na nani?

1/ Mdahalo ukifika kwa ukeketaji, majibu ni yale yale: "Tunaupinga, wahusika washikwe." Makofi, mada inayofuata. Na wale ambao tayari walikeketwa je?

2/ Sio wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. 1998 ilikuwa 38. Idadi imeshuka, sawa, lakini hiyo haimtibu aliyekatwa zamani.

3/ Kuna aina ambapo mwanamke hushonwa, anaachiwa tundu dogo tu. Mkojo unatoka kwa shida, hedhi inakwama, kujifungua kunakuwa hatari. Upasuaji wa kumfungua upo na Shirika la Afya Duniani linaupendekeza. Kinachotakiwa ni mhudumu aliyefunzwa.

4/ Usiuchanganye na upasuaji wa kurekebisha kinembe. Ufaransa, bima ya umma huulipia. Lakini mwongozo wa WHO wa 2016 haukuupendekeza wala kuukataa, kwa sababu ushahidi ulikuwa bado mdogo. Kwa hivyo mtu akiahidi "upasuaji kwa wote", muulize: upi? Na ushauri nasaha uko wapi? Si kila manusura anataka kisu tena.

5/ Sheria ya 2011 wengi tunaijua kwa adhabu: jela isiyopungua miaka 3, faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Sasa soma kifungu cha 27. Kinaitaka serikali pia itoe huduma za usaidizi kwa waathiriwa, ila "kulingana na rasilimali zilizopo". Hapo ndipo ahadi hupotelea. Kama hakuna pesa iliyotengwa, rasilimali "hazipo" kila mwaka.

6/ Halafu kuna ugatuzi. Hospitali za kaunti ni za gavana, zile za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Kila upande unaweza kusema ni kazi ya mwingine, na mama yuko kwa foleni.

7/ Kwa hivyo uliza hivi. Anayetaka ugavana: ni hospitali gani hapa kaunti ina mhudumu aliyefunzwa kazi hii? Anayetaka ubunge: matibabu haya yanalipiwa na SHA, na ni shilingi ngapi kwa bajeti? Akirudia tu "tunaupinga ukeketaji", jua swali lako bado halijajibiwa.