Goma: Kontra ya umeme wa jua, mteja anasaini nini?

Ajenti anafika saa za jioni, wakati watu wako nyumbani. Anabeba pano, batri, taa tatu, na mara nyingine redio. Anafunga taa moja, inawaka, watoto wanashangilia. Kisha anatoa karatasi ya Kifaransa na kumuomba mwenye nyumba asaini ao aweke kidole. Pale pale familia imeingia katika deni la miaka miwili ao mitatu.

Ndivyo umeme wa jua unaingia katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na vijiji vya pembeni. Katika nchi ambamo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, hakuna wa kumlaumu mama aliyechoka na mishumaa na petroli. Shida iko kwenye ile karatasi.

Mteja anatoa kianzio, halafu anatuma makuta kila siku, kila juma ao kila mwezi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Akilipa, kifaa kinafunguka. Asipolipa, kinajifunga: jua linaweza kuwaka mchana kutwa, na nyumba ikalala gizani.

Ajenti hupenda kutaja bei ya siku, kwani ni ndogo. Chukua mfano wa kifaa cha dola 350 kwa mwenye kulipa mara moja. Kwa kianzio cha dola 20 na senti 50 kila siku kwa miaka mitatu, mteja atatoa dola 567 na nusu. Kulipa zaidi kwa kupewa muda si wizi. Lakini jumla hiyo inapaswa kutajwa mbele ya saini, pamoja na kiwango cha kubadilisha franka ikiwa deni limeandikwa kwa dola.

Sheria inasema nini? Ile ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza ukiritimba wa SNEL na kufungua soko la umeme kwa makampuni ya watu binafsi. Ilianzisha pia mamlaka ya usimamizi, ARE, yenye kazi ya kulinda masilahi ya watumiaji. Lakini pano na batri vinavyouzwa kwa deni vinafanana zaidi na biashara ya kawaida kuliko umeme wa nguzo. Kwa hiyo mteja anarudishwa kwenye kitabu cha zamani sana: sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888.

Ni ya wakati wa ukoloni, ila ina meno. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mkataba uliofanywa kisheria ni sheria kwa waliousaini, na kwamba unatekelezwa kwa nia njema. Ndiyo maana kusaini bila kusomewa ni hatari. Lakini kibali kilichopatikana kwa hila si kibali halali, na penye maneno yenye mashaka, mkataba unafasiriwa kwa faida ya mwenye kubeba deni. Muuzaji naye anajibu juu ya kasoro zilizofichika. Mteja asikawie: sheria inadai alalamike kwa muda mfupi.

Batri ndiyo inaleta ugomvi mwingi. Pano inaweza kudumu miaka mingi. Batri inachoka mapema zaidi. Ikiwa garanti ni ya miaka miwili na malipo ni ya miaka mitatu, familia inaweza kubaki mwaka mzima ikilipia kifaa kilichokufa. Muda wa garanti ungepaswa kufika angalau siku ya malipo ya mwisho. Tena kontra iseme ikiwa siku zinaendelea kuhesabiwa wakati kifaa kiko kwa fundi, na ikiwa makuta yaliyokwisha kulipwa yanapotea kampuni ikichukua kifaa chake.

Makampuni yenyewe yanajua mambo hayo. GOGLA, ushirika wa makampuni ya jua wenye makao Uholanzi, una kanuni sita za kumlinda mteja: uwazi, mauzo na bei za haki, huduma nzuri, ubora wa kifaa, siri ya habari zake, na heshima. Kampuni inaingia kwa hiari. Swali la kumuuliza ajenti ni rahisi: kampuni yake imekubali kanuni hizo? Na kifaa kimepimwa ubora, kwa mfano na VeraSol?

Kuna jambo ambalo kanuni za Ulaya haziwezi kulijua vizuri kama wakaaji wa Kivu: vita. Familia inakimbia usiku, pano inabaki juu ya paa. Sheria inatambua nguvu isiyozuilika na inaweza kumuondolea mdeni malipo ya hasara, lakini deni lenyewe halifutiki peke yake. Kontra nzuri ingesimamisha malipo wakati wa kuhama. Kama haisemi hivyo, kitu hicho kiandikwe kwa mkono na pande zote mbili zisaini.

Mambo yakiharibika, namba ya simu ya ajenti haitoshi, kwani ajenti hubadilika. Kinachohitajika ni jina kamili la kampuni, adresi ya ofisi, nakala ya kontra na ujumbe wa kila malipo. Ujumbe huo uandikwe pia katika kaye, kwa sababu simu ikiibwa, ushahidi wa miaka miwili unaondoka nayo.