Kitenzambali na Kifaa Kisicho na Jina: Jinsi ya Kuipanga Rimoti ya Jumla

Katika vyumba vya kupanga vinavyolizunguka Eneo la Viwanda Thika, hususan Makongeni na Kiganjo, na vilevile katika mitaa ya Ruiru kama vile Kihunguro na Kimbo, runinga nyingi hazina nasaba. Baadhi zilinunuliwa zikiwa mitumba kutoka ng'ambo. Nyingine ni mpya lakini zimebandikwa jina lisilojulikana na yeyote, au hazina jina kabisa. Runinga ya namna hii huweza kufanya kazi vyema hadi siku rimoti yake inapokanyagwa au kumwagiwa chai. Hapo mwenyewe, ambaye pengine ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku kiwandani, hugundua kwamba hawezi hata kuitoa runinga kwenye antena na kuipeleka kwenye king'amuzi, kwa kuwa runinga yenyewe ina kitufe kimoja tu, cha kuwashia.

Dukani huuziwa rimoti ya jumla kwa shilingi mia chache. Ndani ya pakiti mna karatasi ya Kiingereza, yenye herufi ndogo mno, inayoorodhesha makampuni kwa alfabeti, na mbele ya kila jina misimbo ya tarakimu 3 au 4. Asiye na jina hana mahali katika orodha hiyo. Kuna wanaoirudisha rimoti dukani, na kuna wanaoiuza runinga nzima kwa bei ya vyuma kuukuu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hasara hiyo si ya lazima: kifaa kinaweza kukosa jina, lakini kikiwa kinatii rimoti hakiwezi kukosa msimbo, na aghalabu msimbo huo ni ule ule unaotumiwa na kifaa kingine chenye jina.

Kwanza, istilahi. Wanafunzi wengi wamekariri neno kitenzambali sambamba na tarakilishi na kipakatalishi. Ni istilahi safi, kwani inataja utendaji na umbali kwa pamoja. Hata hivyo, atakayeingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Thika na kuulizia kitenzambali huenda akaelekezwa duka la dawa. Kwa sababu hiyo rimoti ndilo neno litakalotumika hapa. Msimbo, kwa upande wake, ni neno ambalo mwanafunzi wa isimujamii analifahamu kutokana na dhana ya kubadili msimbo, na maana hizo mbili hazipishani sana. Rimoti ya jumla ni mzungumzaji wa misimbo mingi anayesubiri kuambiwa atumie upi.

Rimoti husema kwa mwanga. Mbele yake kuna taa ndogo inayotoa miali ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Taa hiyo humetameta takriban mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi kilicho ndani ya runinga huchuja mwanga usiometameta kwa kasi hiyo. Ndiyo maana jua la mchana na balbu ya chumbani havibadilishi stesheni. Ujumbe hujengwa juu ya mmeto huo kwa kuwasha na kunyamaza. Katika utaratibu wa kampuni ya NEC ya Japani, ambao umeigwa sana na watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu, ujumbe huanza kwa mwako wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, mithili ya mtu anayekohoa kabla ya kunena. Kisha hufuata biti 32: 8 za anwani, 8 za kinyume cha anwani, 8 za amri, na 8 za kinyume cha amri. Kimya kifupi ni sifuri, kimya kirefu ni moja. Kinyume hicho hutumwa ili kipokezi kiweze kujisahihisha, kwani fungu lisipooana na kinyume chake, ujumbe wote hutupwa. Yote hayo huisha kwa milisekunde 67.5. Kampuni ya Philips nayo ina utaratibu wake, RC-5, unaotumia mmeto wa mara 36,000 na biti 14.

Kiini cha suala letu ni ile anwani. Biti 8 hutoa anwani 256 tu kwa ulimwengu mzima wa vifaa, nao mtengenezaji mdogo asiye na jina habuni anwani yake. Hununua bodi iliyokamilika, pamoja na rimoti yake, kutoka kwa kiwanda kinachowauzia wengine pia. Mafundi wa runinga wanazijua bodi kama zile za V56 na V59, ambazo zimeundwa ili zikubaliane na vioo vya ukubwa na asili mbalimbali. Fundi akiungua na bodi asiyoweza kuitengeneza, huing'oa na kuweka mojawapo ya hizo. Tangu siku hiyo runinga hubaki na jina kubwa usoni ilhali ndani inazungumza lugha nyingine, na mwenyewe hujaribu misimbo ya jina lile usiku kucha bila mafanikio. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si "runinga hii ni ya kampuni gani?" bali "bodi yake ni ipi?"

Pasipo jibu, hubakia kutafuta. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, nyumba nyingi zina runinga na king'amuzi, kwa hiyo rimoti ya jumla iambiwe kwanza inasemeshwa nini, kwa kitufe cha TV au cha STB, ikiwa inavyo. Kifaa kiwe kimewashwa. Katika rimoti nyingi, kitufe cha SET hubonyezwa na kuendelea kubanwa hadi taa iwake mfululizo, ndipo kiachiliwe. Baadaye hubonyezwa kitufe cha kuzima: rimoti huanza kutuma amri ya kuzima kwa msimbo mmoja baada ya mwingine. Baadhi huendelea zenyewe, baadhi hutaka kitufe kibonyezwe kila mara. Runinga inapozimika, mtafutaji asisite. Abonyeze kitufe cha kuhifadhi mara moja, kwa kawaida SET au OK, kabla msimbo haujapita. Kazi hii huweza kuchukua robo saa au zaidi, na wengi hukata tamaa dakika ya tano.

Hapa lugha huponza watu. Maelekezo ya Kiingereza yakifasiriwa neno kwa neno humwambia msomaji "bonyeza na ushike", naye hubonyeza mara moja kisha akaishika rimoti mkononi kwa uangalifu mkubwa, akingoja. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: kubonyeza, kubana, kuachilia. Fasiri ikisema "bana kitufe, usikiachilie mpaka taa iwake", mtu hakosei.

Kuna mtego mwingine. Msimbo unaoizima runinga si lazima uwe ndio wenyewe. Anwani huweza kuoana na amri ya kuzima ikafanana, lakini amri nyingine zikatofautiana: sauti ikiongezwa, picha inageuka rangi. Huo ni msimbo wa jirani. Utafutaji uendelee kutoka hapo, na kila msimbo unaopatikana ujaribiwe kwa vitufe vya sauti, menyu na cha kuchagua chanzo cha picha kabla ya kukubaliwa.

Sabufa na feni zisizo na jina ni shida zaidi, kwa sababu misimbo yake mara nyingi haimo katika rimoti za runinga. Dawa yake ni rimoti inayojifunza. Wazo hili si geni. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, aliuza rimoti ya aina hiyo, CORE, mwaka 1987. Rimoti mbili huelekezwa ana kwa ana, sentimita chache baina yake, kisha kila kitufe cha ile ya asili hubonyezwa ili kinakiliwe. Ikiwa ya asili imepotea, huazimwa ya jirani mwenye sabufa kama hiyo, kazi ya dakika kumi.

Kabla ya kulaumu msimbo, rimoti ielekezwe kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, na kitufe kibonyezwe. Nuru hafifu ikionekana kwenye kioo cha simu, rimoti inasema. Isipoonekana, betri zikaguliwe. Na kwa vile rimoti nyingi za bei nafuu husahau kila kitu betri zinapotolewa, mwenye kujua tarakimu za msimbo wake huziandika kwenye kipande cha karatasi na kuzibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha betri.